Tecno Baada ya Mwaka wa Tatu: Mwili Bado Mzima, Programu Imezeeka

Ubishi kuhusu simu za Tecno una kambi mbili. Wa kwanza wanasema ni simu za msimu: mwaka wa kwanza inapepea, wa pili inakwama, wa tatu inawekwa kabatini. Wa pili wanasema hakuna simu inayomfaa mtu wa kipato cha kawaida kama hiyo: chaji inakaa, laini mbili, na ikipasuka kioo, spea ipo mtaa wa pili. Wote wanasema kweli, ila kila kambi inatazama sehemu yake ya simu ileile.

Tuanze na mwili. Transsion, kampuni ya Shenzhen, China, inayotengeneza Tecno, iliyoanzishwa 2006 na inayomiliki pia itel na Infinix, ilijenga soko lake Afrika mapema kuliko wengi. Kwa kuwa simu zake zimeuzwa kwa wingi mno, spea zake zimejaa Kariakoo, zimejaa Luthuli Avenue ya Nairobi, na zinafika hadi miji ya wilayani. Wingi huo una thamani kubwa kuliko sifa yoyote iliyoandikwa kwenye boksi.

Chukua tundu la chaji, ambalo mara nyingi ndilo hutangulia kufa. Katika modeli nyingi limekaa kwenye bodi ndogo ya chini, iliyounganishwa na bodi kubwa kwa mkanda mwembamba. Fundi hubadilisha bodi hiyo ndogo bila kugusa kubwa. Lakini kabla ya kulipa, zima simu na uchokoe tundu taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, maana waya unaolegea mara nyingi umezuiwa na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa humo kwa miezi.

Betri nayo inatetea kambi ya pili. Betri ya lithiamu hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake ikishajazwa na kuisha kama mara 500. Ya mAh 5000, ambayo Tecno imeiweka hata kwenye simu zake za bei nafuu, ikifika hapo bado ina kama 4000, na hizo zinamfikisha mtu jioni. Ndiyo maana malalamiko ya chaji huchelewa. Ukiona simu inazimika ghafla ikiwa na asilimia 30, betri imechoka. Ukiona mfuniko wa nyuma unainuka, imevimba: acha kuichaji siku hiyohiyo, usiikandamize wala kuitoboa, na mpelekee fundi.

Kwenye kioo ndipo watu wanapoliwa. Majina yanafanana (Spark 10, 10C, 10 Pro) lakini vioo havifanani, kwa hiyo agiza kwa namba ya modeli iliyo kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu", kwa mfano KI7 kwa Spark 10 Pro. Mwambie fundi ajaribu kioo kabla ya kukigandisha kwa gundi. Shika aikoni moja uiburute pole pole kwenye kioo kizima, kona hadi kona; ikiachia njiani, hapo tachi imekufa. Fungua ukurasa mweupe uangalie madoa. Piga simu uone kama kioo kinazimika ukikiweka sikioni. Baadhi ya Camon zina kioo cha AMOLED chenye alama ya kidole ndani yake. Ukiwekewa kopi ya LCD kwa sababu ya bei, alama ya kidole haitafanya kazi tena, kwa kuwa mwanga wa kusoma kidole hauwezi kupenya kioo cha aina hiyo.

Sasa upande wa programu, ambako kambi ya kwanza ina haki zaidi. Simu nyingi zinazoitwa "mbovu" zimejaa tu. Hifadhi ya eMMC, inayotumika kwenye simu za bei ya chini, huwa nzito sana inapokaribia kujaa. Acha wazi angalau asilimia 15. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa video wa kujiendesha, kisha ingia Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi, ufute mafaili makubwa. Zima pia MemFusion kama nafasi imebana: inakata sehemu ya hifadhi na kuifanya RAM ya kuazima, ambayo ni ya polepole kuliko RAM halisi. Matangazo ya Palm Store (duka la programu linalokuja na simu) na wenzake yanazimwa kwa kubonyeza taarifa kwa muda mrefu, kisha kuizuia.

Lisilotibika mtaani ni masasisho. Kwa miaka mingi Spark na Pop zimepata toleo jipya la Android mara moja, au zisipate kabisa. Samsung iliitoa Galaxy A16 mwaka 2024 kwa ahadi ya miaka 6. Tecno imeanza kusogea: Camon 40 za 2025 zimeahidiwa matoleo 3. Hilo ni jambo zito, kwa sababu simu sasa ni pochi. Mwaka 2020 ilifichuliwa kwamba simu za Tecno W2 ziliuzwa zikiwa na programu hasidi za Triada na xHelper, zilizowaunganisha watu na huduma za kulipia bila ridhaa yao. Transsion ilisema chanzo ni mzabuni katika mnyororo wa ugavi na kwamba ilishatoa marekebisho. Marekebisho humfikia yule tu anayesasisha.

Na kuflashi, yaani kuweka upya mfumo wa simu kwa kompyuta? Kunafufua simu iliyoganda kwenye nembo, ila fundi akichagua kufuta kila kitu kwenye simu yenye chipu ya MediaTek anaweza kufuta na IMEI, namba ya utambulisho wa simu. Piga *#06# uandike namba kabla hujaiacha, upige tena unapoichukua. Tanzania, itume kwenda 15090 uhakikishe.

Kwa anayetaka miaka mitatu, hifadhi ya GB 128 ndiyo ya kuanzia. Ya 64 itakuchosha mapema. Tarehe ya sasisho la usalama, iliyo chini ya toleo la Android, ikipitwa na miaka miwili, hamishia laini yenye pesa kwenye simu nyingine, hata kama hii bado inawaka vizuri. Itafaa kwa redio, muziki na kugawa bando. Ukiamua kumpa mtu, ondoa kwanza akaunti yako ya Google, kisha ufute kupitia Mipangilio. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni bila kuondoa akaunti, itamdai nenosiri lako.