Kitenzi cha kuruka kimenirukia mimi

Jamani nani alinishauri nisome Kigiriki cha zamani? Eti mzee wa kanisa ukikijua utaisoma Injili kama ilivyoandikwa, sawa, nikaingia darasa la jioni, leo tumepewa kitenzi kimoja tu, kuruka, hallomai, nikasema hiki nakimaliza chai haijapoa. Thubutu!

Kwanza unaruka mwenyewe kwa miguu yako lakini kitenzi hakina umbo la kutenda kabisa, kinavaa nguo za wale wanaotendwa. Ukiuliza kwa nini unaambiwa ndivyo kilivyo, kariri. Haya, wakati ujao, haloumai, L zilikuwa mbili sasa naona moja, nyingine nani kaila? Wakati uliopita hēlamēn, ile A ya mwanzo imegeuka E ndefu. Ukifika kwa Homer, yule mshairi wao wa kale wa vita vya Troya, unakuta alto, hata H imedondoka, na hapo kinachoruka wala si mtu, ni mshale wa Pandaros wa upande wa Troya unachomoka kwenye upinde kwenda kumjeruhi Menelaos wa upande wa Wagiriki, na watu walishaapa kusimamisha vita! Sisi ukisema ruka, rukia, rukaruka, ruk- imetulia palepale haimsumbui mtu.

Halafu kinaruka mpaka kwenye maana. Yohana 4:14 yale maji aliyoambiwa mama Msamaria yanaruka, Biblia yetu imeweka yanabubujika, afadhali maana ningefikiri bomba limepasuka. Matendo 3:8 ndo angalau yule kiwete anarukaruka kweli hekaluni, hapo nilielewa bila kamusi nikajipigia makofi.

Warukaji wao wa zamani kwenye michezo ya Olympia nao vituko, mtu anataka kuruka mbali halafu anashika mawe mikononi, yanaitwa halteres, jina limetoka humuhumu kwenye hallomai, eti ukiyarusha mikono vizuri uzito unakusukuma mbele. Basi mimi na hii kodi ya nyumba, ada za watoto na deni la dukani ningekuwa nimeshatua Krete.

Ila kuna sehemu moja nimewasamehe. Jicho likicheza wao wanasema linaruka, kitenzi kilekile! Theokritos, mshairi wao wa karne ya 3 K.K., ana mchunga mbuzi kasimama nje ya pango la Amaryllis, binti anayempenda, anaimba weee, jicho la kulia likamcheza, akajiuliza je nitamwona? Kumbe na wao! Kwetu likicheza la juu wanasema mgeni anakuja, la chini utalia, langu jana lilicheza la juu nikafurahi labda shemeji analeta mchele, akaja mwenye nyumba.

Na yule mchunga mbuzi binti hakutoka ng'o, mwisho akasema kichwa kinamuuma, haimbi tena, atalala hapohapo mbwa mwitu wamle. Huyo hata asiponyambuliwa namwelewa.