Panya wa Ghorofa ya Tano

Najua mmeshaiona rekodi ya kifo changu kwenye Brogue, ile gemu ya kushuka shimoni ghorofa kwa ghorofa. Jamaa yangu aliituma kwenye kundi kabla sijatoa hata mkono kwenye kibodi, na juu yake akaandika maneno manne tu: "Bingwa wa kujaribu dawa." Kwa hiyo naandika sasa hivi, masikio bado ya moto, ili upande wa marehemu nao usikike.

Na wale wanaonitetea eti huenda jamaa amekata vipande, asanteni, lakini nyamazeni. Brogue haihifadhi video. Inahifadhi namba ya mbegu iliyozaa shimo lote, pamoja na kila kitufe ulichobonyeza, kisha inacheza upya mwanzo hadi mwisho kama ulivyocheza wewe. Huwezi kuikata. Unaweza kuisimamisha, kuipunguza mwendo, hata kufungua mfuko wa marehemu ukaona alikuwa amebeba nini. Kumbukeni hilo la mfuko, nitalirudia, na sitalirudia kwa hiari.

Tulikuwa na mashindano: mbegu moja, kila mtu kwake, hakuna kuambiana. Mbegu moja maana yake shimo lile lile, vitu vile vile, na dawa za rangi zile zile. Ndiyo maana hii gemu naipenda hata leo ambapo sina hamu nayo. Brian Walker aliitoa 2009, ni ya bure, na baadaye wapenzi wake wakaendelea kuitunza. Ghorofa 26 kwenda chini, unachukua hirizi ya Yendor (urithi wa Rogue, gemu ya zamani ya 1980), unapanda nayo hadi nje. Kuua hakukupi kitu: hakuna pointi za uzoefu, hakuna kupanda daraja, hivyo hakuna sababu ya kukaa kona moja ukichinja panya mpaka usiku uishe. Unakua kwa vitu unavyookota, hasa hati za kuimarisha, na kila hati ni uamuzi: vazi la vita, silaha au fimbo? Ukizigawa huku na huku unafika ghorofa ya kumi ukiwa hodari wa kila kitu kidogo kidogo, yaani chakula cha majitu.

Sasa, wiki mbili zilizopita, nani aliwaandikia hapa namna ya kujaribu dawa usizozijua? Mimi. Nani alimcheka mtu aliyejiwasha moto? Sina haja ya kujibu.

Kwa aliyesahau, nilisema hivi. Dawa zote zinajificha nyuma ya rangi mpaka uijue moja moja. Zile mbaya si takataka, ni mabomu: ya moto, ya kupooza, ya kuchanganya akili, zote ukishazijua unamrushia adui. Ndiyo maana inafaa kuzijaribu mapema, ghorofa za juu, wakati wa kukukimbiza ni koboldi tu, vijitu dhaifu, na si zimwi. Jaribu uhai ukiwa umejaa. Simama kwenye sakafu tupu, mbali na nyasi. Simama mlangoni mwa chumba kikubwa, maana gesi kwenye chumba kidogo hujazana na kukaa, kwenye kikubwa husambaa ikaisha, nawe una pa kutokea. Rafiki uliyemkomboa mwache mbali. Maji yawe karibu ikitokea moto, ila usisimame ukingoni mwa maji ya kina. Tena nilimalizia kwa mbwembwe: "Na ujue mlango wako wa dharura ni kitu gani kabla hujazibua chupa."

Mimi huyo.

Ghorofa ya tano nilifika nikiwa na uhai 40 kamili, na kusema kweli nilikuwa nimecheza vizuri. Kulikuwa na mganga wa kigoblini amefungwa pingu, analindwa na koboldi watano. Koboldi ana uhai 7 tu, lakini watano wakikuzunguka uwanjani wanakumaliza. Nikarudi nyuma hadi kwenye ujia wa upana wa mtu mmoja, wakaja kwa foleni, nikawapokea mmoja mmoja. (Hapo jamaa kwenye rekodi alipeleka mbele haraka. Cha maana kwake hakikuwa hicho.) Nikamfungua mganga. Huyu hapigani, na mwenyewe ana uhai 10 tu, lakini akimwona adui anakuvika ngao ya mwanga inayomeza madhara hadi 10. Rafiki wa namna hiyo unamtunza kama yai. Nikapumzika mpaka uhai ukajaa tena, maana ukiwa na utulivu hujijaza wote kwa takribani zamu 300.

Kisha nikabonyeza x.

Hapa niseme udhaifu wa kwanza wa gemu, na si kwa kujitetea. Sawa, ni kwa kujitetea. Kitufe cha x kinamtembeza mhusika chenyewe: anachunguza vyumba, anaokota vitu, anasimama tu pakitokea jipya. Ni raha, kinaondoa kazi yote ya kuhesabu hatua, lakini baada ya ghorofa nne unakuwa abiria. Hujui umesimama wapi. Umepelekwa. Na kwa sisi tunaocheza kwa herufi bila picha, nyasi ni alama ndogo ya nukuu, wewe ni @, na ile @ inafunika alama iliyo chini yake. Nilisimamishwa katikati ya uwanja mpana wa nyasi, pembeni mwa ziwa, mganga wangu kanigandia begani. Mimi nikaona "mahali patulivu."

Mfukoni chupa tatu nisizozijua: ya manjano, ya kijivu, ya zambarau. Nikawaza, si nizijaribu hapa hapa?

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo jamaa alipopunguza mwendo mpaka mwisho.

Nanywa ya manjano. Gemu inanijulisha, kwa upole kabisa, kwamba nilipoizibua imelipuka moto.

Zamu inayofuata: nimewaka. Nyasi zilizonizunguka zimewaka. Nyasi zilizozunguka nyasi zinawaka. Moto wa Brogue haukusubiri. Unaruka kutoka mraba hadi mraba kuliko unavyokimbia, na nusu ya skrini ikawa ya machungwa. Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Ziwa liko hatua saba. Nikakimbia hatua saba ndani ya nyasi kavu huku nikiwa mimi mwenyewe ndiye kiberiti, na kila nilipokanyaga nikawasha pale ambapo palikuwa bado hapajawaka. Moto umenilamba 12. Nimebaki na 28. Nikajitupa majini.

Moto ukazima. Nikashusha pumzi. Nilishusha pumzi kweli, hapa kitini.

Maji ya kina yana kanuni yake: kila zamu unayoogelea, kuna nafasi ya nusu kwa nusu kitu ambacho hujakivaa kitoke mfukoni kielee. Zamu ya kwanza, embe langu likaondoka. Ndiyo, gemu ina maembe, na langu likaenda zake taratibu kuelekea katikati ya ziwa. Zamu ya pili, hati ya kuimarisha. Nilikuwa nimezilimbikiza bila kuzisoma, nikingoja nipate kitu cha maana cha kuzitia zote. Mbinu nzuri sana nchi kavu.

Zamu ya tatu, mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka.

Mkunga ana uhai 18, anang'ata kuanzia 3 hadi 7, na majini anakwenda mara mbili ya mwendo wako. Dawa yake ni moja: usiwe majini. Akaibuka, akang'ata 7, akazama. Nimebaki na 21. Ukingoni, mganga wangu amesimama kwenye kipande kidogo cha nyasi ambacho moto haujakifikia. Amemwona adui. Amefanya alichozaliwa kufanya: akanivika ngao. Mkunga akarudi, akang'ata 6, ngao ikameza yote.

Zamu hiyo hiyo moto ukamfikia mganga.

Jamaa alisimamisha rekodi hapo akaandika "dakika moja ya ukimya." Sijamsamehe. Ila sikuweza pia kumjibu, maana marafiki wa gemu hii wana akili ya vita lakini hawana akili ya nyasi: hukwepa moto unaowaka tayari, hawakwepi mahali utakapokuwa zamu mbili zijazo. Huo ni udhaifu wa kweli, na uliniponza. Lakini moto haukuwashwa na mganga.

Ngao ikafifia, na kutoka majini nikapata 7 nyingine na 6 nyingine. Nikapanda ukingoni na uhai 8.

Na hapa, wapendwa, nilikuwa nimepona. Nataka mlielewe hilo kabla hamjasoma kinachofuata. Nyasi zilizokwisha kuungua hazina hatari tena. Mkunga hatoki majini. Ningesogea hatua mbili tu kutoka kwenye maji, nikakaa kwenye majivu, zamu 300 mimi mzima.

Akatokea panya.

Panya ni kiumbe dhaifu kuliko wote humu. Uhai 6. Anang'ata 1 hadi 3. Baada ya ghorofa hii huonani naye tena kwa kawaida, yaani huyu alikuwa karibu wa mwisho wa ukoo wake. Nikafanya jambo la busara: nikamtazama. Gemu hii ukimwelekezea adui kishale inakupa hesabu kamili, asilimia za kukupata, uzito wa pigo, na mapigo machache kabisa yanayoweza kukumaliza. Ni moja ya sifa zake kubwa, hakuna kubahatisha. Kwa uhai 8, panya huyu alihitaji mapigo matatu, tena mazito yote. Nina kisu. Ningemchoma mara tatu nne yaishe.

Badala yake nikajiambia: chupa mbili zimebaki, mojawapo lazima ni ya kuponya.

Nikanywa ya kijivu.

Gesi ya rangi ya waridi ikafumuka. Viungo vikakakamaa. Kupooza, zamu 20, tena hesabu inaanza upya kila zamu ambayo bado uko ndani ya wingu. Panya akaja mbio, akaingia kwenye wingu, akapooza naye.

Basi tukawa hapo. Mimi na panya. Mraba kwa mraba, uso kwa uso, wote wawili sanamu, na wingu linapungua taratibu. Zamu zinapita zenyewe, mimi sina cha kubonyeza. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Yule atakayetoka kwenye gesi kwanza ndiye atakayeamka kwanza, na gesi hukonda kuanzia pembeni. Aliyesimama katikati kabisa, mahali chupa ilipozibuliwa, ni nani? Aliyesimama pembeni ni nani?

Panya akatikisika.

Kumpiga aliyepooza hakukosi, na pigo lina uzito mara tatu. Ile hesabu ya mapigo matatu ilikuwa ya mtu anayesimama kwa miguu yake. Akaning'ata 6. Nikabaki na 2. Nikaitazama ile 2 kwa zamu nzima. Nadhani hata panya aliitazama.

Akang'ata tena. Umeuawa na panya, ghorofa ya tano. Brogue hairudishi mtu: ukiokoa mchezo ni wa kuendelea kesho, si wa kufufuka, na jina langu likaingia kwenye orodha ya matokeo na panya pembeni yake.

Yaliyofuata ni mafupi. Jamaa alifungua mfuko wangu kwenye rekodi, akaupiga picha, akazungushia duara jekundu. Hati ya kuhama. Inayojulikana, imeandikwa jina lake kabisa, maana moja niliisoma ghorofa ya pili nikaijua, ya pili nikaiokota ghorofa ya nne. Maji yaliondoka na embe, hati hii yakaniachia. Kuisoma ni zamu moja, inakutupa mbali na kila anayekutazama. Nilikuwa nayo kwenye moto. Nilikuwa nayo na mkunga. Nilikuwa nayo nikimsoma panya asilimia.

Kisha kwa kuwa yeye ana mbegu ile ile na alishazijaribu zake mlangoni mwa chumba kitupu, kwa kanuni zangu nilizoziandika mimi, akaniarifu kwamba ya zambarau ndiyo ya kuponya.

Yuko ghorofa ya 11 sasa. Mganga wake mzima. Kila akivikwa ngao ananitumia picha.

Mbegu mpya tumeshapeana jana usiku. Nimefika ghorofa ya pili, nina chupa moja ya kijani, na leo x sijaigusa.