Ulale hoteli ya mkutano au nje yake?

Ukishalipa ada ya mkutano mkubwa wa kitaaluma, barua pepe ya uthibitisho huja na kiungo cha pili: weka chumba katika hoteli mwenyeji, kwa bei ya washiriki, kabla ya tarehe fulani. Wengi hukifungua, huitazama bei, kisha huingia kwenye programu za kutafutia vyumba na kukuta hoteli ndogo mitaa mitatu mbele ikitoza karibu nusu yake. Kuanzia hapo hoja hugawanyika. Wapo wanaosema "bei ya washiriki" ni jina la heshima la bei ya kawaida. Wapo wanaosema anayelala nje anaufaidi mkutano huku mzigo wake akiwaachia wenzake. Kila upande umeshika ukweli wake, lakini walioona mkataba wa hoteli ni wachache, kwa hiyo mabishano huishia kwenye bei ya kitanda.

Mkataba huo ndio wa kuanza nao. Kumbi kubwa za hoteli mara nyingi hazikodishwi kwa pesa ya ukumbi peke yake. Hoteli huutoa ukumbi kwa bei ya chini, pengine bure, ikiwa waandaaji wataahidi kiasi cha chini cha chakula na vinywaji na kuahidi kujaza vyumba vilivyotengwa. Vyumba huhesabiwa kwa usiku: vyumba 300 kwa siku nne ni usiku 1,200. Mkataba huvumilia upungufu kidogo, mara nyingi asilimia 10 hadi 20. Tuseme ni 20, basi waandaaji wanatakiwa kufikisha 960. Wakiishia 840, pengo la usiku 120 watalilipa, ama kwa bei kamili ya chumba ama kwa sehemu yake kubwa, kulingana na kifungu kilivyoandikwa. Pengo hilo ni la watu 30 tu waliolala kwingine.

Kuna neno moja ndani ya kifungu hicho linalowaumiza waandaaji kuliko asilimia yenyewe, nalo ni kama hesabu hufanywa kwa jumla au usiku kwa usiku. Ikiwa ni kwa jumla, usiku wa katikati uliofurika hufidia usiku wa mwisho. Ikiwa ni usiku kwa usiku, usiku wa mwisho ambao nusu ya watu wameshaondoka hudaiwa peke yake, hata kama hoteli ilijaa pomoni siku mbili kabla. Kwa hiyo mshiriki anayekatisha siku moja bila taarifa anaweza kuugharimu mkutano sawasawa na yule aliyelala nje.

Hata hivyo, mshiriki hakusaini mkataba huo, na wanaomlaumu husahau kumwambia kilichomo ndani ya bei anayoombwa. Hoteli nyingi hutoa usiku mmoja bure kwa kila 40 au 50 uliolipiwa. Kwa usiku 1,200, kwa kiwango cha 50, hizo ni 24, na hutumika kuwalaza wazungumzaji wakuu na wafanyakazi wa mkutano. Mara nyingine pia kuna kamisheni kwa kila chumba, inayorudi kwa waandaaji au kwa wakala aliyewatafutia hoteli. Si wizi, maana pesa hiyo hupunguza ada ya usajili, lakini ni mchango unaotozwa kimyakimya. Mshiriki anayelipa kwa posho ya mwajiri hauhisi. Mwanafunzi anayejilipia anauhisi sana. Mkutano unaotaka uaminifu wa washiriki wake ungeandika sentensi mbili tu chini ya kile kiungo: chumba hiki kinalipia ukumbi kwa namna hii, na tukishindwa kujaza vyumba vilivyotengwa tutadaiwa hivi.

Tuje upande wa anayelala. Anachonunua katika hoteli mwenyeji ni umbali, na umbali una thamani kwa mtu mwenye kazi pale. Anayewasilisha mada saa mbili asubuhi hushuka na kompyuta yake dakika 20 kabla na kujaribu projekta bila kuwaza foleni za magari. Mwenye bango la ukubwa wa A0, yaani milimita 841 kwa 1,189, haoni raha ya kutembea na bomba la kulibebea mitaani siku nzima wakati kipindi cha mabango ni jioni. Mama anayenyonyesha, mtu mwenye ulemavu wa kutembea, mtu anayefanya usaili wa kazi na anahitaji kubadili shati mchana: hawa nisingewashauri wahesabu senti.

Lakini umbali wa ramani si umbali wa lifti. Chukua hoteli yenye lifti sita, kila moja ikibeba watu 12 na kurejea chini kila baada ya dakika tatu. Kwa mapumziko ya robo saa zitapandisha watu 360. Ukumbi ukiwa umetoa watu 1,500 kwa mpigo, chumba chako cha ghorofa ya 19 kiko mbali kuliko ile hoteli ya mitaa mitatu. Ngazi nazo haziokoi kila mara: nyingi ni za dharura, milango yake hujifunga nyuma yako, na ukishaingia hakuna pa kutokea ila chini, pengine nje karibu na mapipa ya jikoni. Kwa hiyo anayelala hapohapo kwa sababu ya urahisi aombe ghorofa ya chini wakati wa kuweka nafasi, akumbushe tena mapokezi siku ya kuingia, na safari zake za chumbani azifanye dakika kumi kabla kipindi hakijaisha.

Hoja nzito zaidi ya kulala ndani ni ya korido, yaani mazungumzo ya nje ya vipindi. Mwaka 1985 Harrison Owen, Mmarekani aliyekuwa mwandaaji wa mikutano, alibuni mkutano usio na ratiba iliyopangwa kabla, ambao washiriki wenyewe ndio hupanga mada, baada ya kuona kwamba watu walisifia mapumziko ya kahawa kuliko mihadhara. Wazoefu wa mikutano wanalijua hilo bila kuambiwa. Mazungumzo yanayozaa kazi hutokea saa nne usiku sebuleni mwa hoteli, au kwenye kifungua kinywa wakati hakuna anayewahi popote. Anayelala nje huondoka mapema ili apate usafiri, hurudi asubuhi kipindi kikiwa kimeanza, na kila alichonacho hukibeba begani kutwa. Hasara hiyo haionekani kwenye risiti.

Ila nayo isikuzwe. Korido humfaa aliyekwisha kupanga nani akutane naye. Mtu ambaye hajamwandikia yeyote wiki mbili kabla hukaa sebuleni akiangalia simu, na chumba cha juu hakimsaidii chochote. Na wapo watu ambao siku tatu za kiyoyozi, zulia na taa zisizozimwa, bila kuona jua, huwachosha hadi siku ya mwisho hawasikii kinachosemwa. Kwao matembezi ya dakika 15 asubuhi na jioni ndiyo mapumziko pekee ya kweli.

Kuna hoja nyingine ya kulala nje: hoteli kubwa hujua kwamba mgeni wa mkutano hana pa kwenda. Maji, chakula, kuchapisha ukurasa mmoja, intaneti, vyote vina bei ya mtu aliyefungiwa. Mfano unaojulikana ni wa Gaylord Opryland ya Nashville, Marekani. Mwaka 2014 kampuni ya Marriott, iliyokuwa ikiiendesha, ilikubali kulipa dola 600,000 baada ya tume ya mawasiliano ya nchi hiyo kuchunguza jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakikata mitandao ya waifai ambayo wageni waliianzisha kwa simu zao ndani ya eneo la mikutano. Wakati huohuo, waonyeshaji, yaani wenye vibanda vya maonyesho, na washiriki walikuwa wakitozwa dola 250 hadi 1,000 kwa kila kifaa ili watumie intaneti ya hoteli. Hata pasipo hila, intaneti ya chumbani na ya ukumbini kwa kawaida ni huduma mbili tofauti, na nenosiri la moja huenda lisifungue nyingine. Mwenye kuonyesha video jukwaani aihifadhi kwenye kompyuta yake.

Katikati ya pande hizi ipo njia ambayo watu huipita bila kuitazama: kushiriki chumba ndani ya vile vilivyotengwa. Waandaaji huhesabiwa chumba, nanyi hugawana bei, ambayo mara nyingi hukaribia ile ya hoteli ndogo. Majina yote mawili yaandikwe kwenye nafasi hiyohiyo, la sivyo atakayefika wa pili saa sita usiku atanyimwa ufunguo, na mapokezi watakuwa na haki. Ombeni vitanda viwili kwa maandishi, kwani "chumba cha watu wawili" kwenye fomu kinaweza kuwa na kitanda kimoja kikubwa.

Ukipata chumba katika hoteli ileile kwa bei nafuu kupitia programu, huenda kisihesabiwe upande wa waandaaji. Wapelekee namba yako ya uthibitisho. Mikataba mizuri huwaruhusu kulinganisha orodha ya waliojisajili na orodha ya wageni wa hoteli, na kila jina linalooana hupunguza deni. Na akikupigia mtu akisema yeye ni wakala wa vyumba wa mkutano, anataka namba ya kadi kabla vyumba havijaisha, kata simu. Matapeli huvizia orodha za washiriki na waonyeshaji, na chumba wanachouza mara nyingi hakipo.

Kwa mtu ambaye bado anasita, nafasi ndani ya vyumba vya mkutano kwa kawaida huweza kufutwa bila malipo hadi saa 48 au 72 kabla ya kuingia, ingawa baadhi ya hoteli hushika malipo ya usiku wa kwanza tangu mwanzo, kwa hiyo soma mstari huo kabla ya kuandika kadi. Chukua chumba mapema, amua baadaye. Tarehe ya mwisho ya bei ya washiriki, ambayo mara nyingi huwa wiki tatu au nne kabla, ndiyo siku hoteli inaporudisha sokoni vyumba visivyochukuliwa. Ukifuta kabla ya siku hiyo, mwenzako anaweza kukichukua chumba chako kwa bei ileile. Ukifuta siku moja baadaye, pengo litabaki kwa waandaaji hata kama sheria ya kufuta haikukudai chochote wewe.