Ghorofa ni chumba tu? Ubishi wa kijiweni Kirumba

Juzi tumekaa kwa muuza kahawa pale Kirumba, Mwanza, fundi mmoja akasema anamalizia ghorofa ya pili ya mteja wake, ustadhi akamdaka, we fundi, ghorofa kwa Kiarabu ni ghurfa, yaani chumba tu, kwa hiyo hapo una vyumba viwili, maghorofa huna. Watu wakacheka sana ila ubishi wenyewe si wa kuchekesha, neno la jengo lishike maana ya lilikotoka au ya huku linakotumika?

Ustadhi ana hoja, tusimbeze. Chukua ikulu. Wengi wanaliona la kiserikali kabisa, la mambo ya Magogoni na Chamwino, kumbe limetoka huku kwetu kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ikulu ni makazi ya ntemi, yaani mtawala wao, na hilo -kulu ndo -kubwa. Sasa cheki hekalu, sisi tumelipata kwa Waarabu, haykal, ila ukilifuata nyuma zaidi unafika Sumeri, nchi ya kale kule Iraki, e-gal, nyumba kubwa. Halafu Farao, yuleyule wa Musa, kwa Kimisri cha kale ni per-aa, nyumba kubwa tena! Sumeri, Misri na Usukuma hawajawahi kukaa baraza moja ila wote wametazama anapolala mkubwa wakasema kitu kilekile. Kule Misri jina la nyumba likahamia kwa mtu mwenyewe, na sisi hatuko mbali, si tunasema "Ikulu imekanusha"? Nyumba inakanusha vipi bana. Bila kufuata asili haya yote yanakupita hivihivi.

Ila sasa njoo kwenye gereza. Hilo ni la Wareno, igreja, maana yake kanisa. Kule Mombasa walikuwa na kanisa ndani ya ngome yao, jina likahama kanisani likashika ngome nzima, na ngome yenyewe Waingereza wakaja kuigeuza jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Tukimfuata ustadhi mpaka mwisho basi mtu akifungwa Butimba tuseme kaenda kusali. Na hilo kanisa lenyewe asili yake ni mkusanyiko wa watu, hata ukuta halikuwa nao. Shule ndo usiseme, tumeichukua kwa Mjerumani, ukirudi nyuma mpaka kwa Wagiriki ilikuwa muda wa mapumziko, kamwambie hivyo mtoto anayeamka saa kumi na moja kuwahi namba.

Alafu asili nyingine watu wanajitungia tu. Boma eti ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya enzi za ukoloni, wakati neno limo kwenye kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882, na Mjerumani kakaa kwenye boma lake hapahapa Mwanza kabla Mwingereza hajapewa hii nchi.

Kwa hiyo mi niko upande wa fundi, neno ni la wanaolitumia. Shida ni kwamba wanaolitumia nao hawaelewani. Mwaka jana nimemsaidia shemeji kuhama, dalali kasema chumba kiko ghorofa ya kwanza, mi nikajua ni pale chini, kumbe kwa dalali ya chini haihesabiki, friji tumeipandisha ngazi watu watatu mpaka mlango ukang'oka bawaba. Hapo ghurfa ya ustadhi isingenisaidia kitu, na matumizi ya mtaani ndo yaliyoniponza.

Basi nikamuuliza fundi, hiyo ya pili yako unaanzia kuhesabu wapi? Akanywa kahawa kwanza. Akasema inategemea nani anauliza, bosi akiuliza hela naanza na ya chini, saidia fundi akiuliza zege linapanda mpaka wapi, ya chini siihesabu.