Bahari ya Malindi si chafu, ule ni udongo wa Sabaki

Kila Disemba ni wimbo uleule. Mgeni katoka Nairobi na treni mpaka Mombasa, kapanda matatu masaa mawili na ushee, kafika Malindi usiku hoi, asubuhi anakimbilia ufuoni na taulo begani anakuta maji yana rangi ya chai ya maziwa. Simu inatolewa, foto zinapigwa, na kabla ya saa nne grupu nzima ya familia imeshaambiwa ati bahari ya Malindi chafu heri tungelienda Watamu. Mwaka jana aliyefanya hivyo ni binamu yangu mwenyewe, damu yangu kabisa, nikaona hapana, hii ntaijibu.

Kwanza ule si uchafu bwana, ni udongo. Mto Sabaki unaingilia baharini hapo tu kaskazini ya mji, na si mto mdogo, ni wa pili kwa urefu Kenya baada ya Tana. Unatokea bara huko upande wa Nairobi ukiitwa Athi, ukishapokea maji ya mto Tsavo wanauita Galana, ukitufikia sisi ndio Sabaki, na njia nzima hiyo kila shamba lililokwanguliwa na mvua linatupa chake mtoni. Sasa vuli ikinyesha bara mto unashuka mwekundu, na wakati huohuo kaskazi ishaanza kuvuma, inauleta udongo wote kusini, yani kwetu mjini. Kusi ikivuma unasukumwa kaskazini, upande wa Mambrui, na sisi tunabaki na maji ya buluu, lakini wakati wa kusi hamji, mwaja Krismasi. Kosa la nani?

Na huko Watamu mnakosifia maji kama kioo, sababu moja ni kwamba ghuba ya Mida haina mto unaoingia. Basi.

Mimi nilichofanya, nilimwambia binamu avae viatu vya kufunika, tukaufuata udongo ulikotoka. Na ndio maoni yangu, mtu akija Malindi akakuta bahari imegeuka rangi asilale hotelini amenuna, afuate ule udongo, ndio utamuonyesha kaunti ya Kilifi kuliko brosha yoyote ya hoteli. Manake ukivuka tu daraja la Sabaki umeshatoka kwenye Malindi ya kadi za posta, Malindi ya vijana wa ufuoni wanaokusalimia "ciao" ya Kitaliano hata kama u Mgiriama mwenzao. Pale mtoni kunapokutana na bahari kuna viboko, kuna heroe wamesimama kwa mguu mmoja, ukienda mbele kidogo Mambrui ni vilima vya mchanga, na mchanga wenyewe mwingi umeletwa na mto huohuo. Binamu akanyamaza kidogo.

Gongoni tulipita haraka, jua lilikuwa kali na chumvi inaumiza macho. Ni mabwawa tu, maji ya bahari yanavutwa, yanaachwa jua liyanywe, inabaki chumvi nyeupe imerundikwa kama vichuguu, ndio hiyo uliyotia kwenye mboga jana. Na kando ya hapo ndio Ngomeni, ambako tarehe 12 Disemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka kwenye majukwaa ya Waitaliano baharini, na kwa vile ilikuwa sikukuu ya uhuru wakaiita Uhuru. Binamu yangu Uhuru Park ya Nairobi anaijua, hii ya angani hakuwahi kuisikia. Mimi pia nilichelewa, sitajisifu.

Halafu Marafa, kule kwenye korongo. Hapa naomba mnisikize. Watu wa pale wanapaita Nyari, na stori utakayopewa ni kwamba palikuwa na tajiri na jamaa zake, ng'ombe wasiohesabika, wakawa wanaoga maziwa na jirani zao wana njaa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza, ndio ukaona kuta nyekundu na nyeupe, damu na maziwa. Bila stori ni korongo lililochimbwa na mvua na upepo, na bado linachimbwa, kila masika ukingo unaliwa kidogo. Vyovyote utakavyoamini, ukisimama pale juu saa kumi jioni jua likipiga zile nguzo za udongo, nyekundu, waridi, rangi ya chungwa, nyeupe chini, maneno yanakauka. Binamu alishuka mpaka chini, akashika ukuta, vidole vikatoka vyekundu, akaniangalia. Sikumwambia kitu. Rangi ni ileile ya asubuhi baharini.

Kinachoniudhi ni hizi safari za haraka. Kuna dereva mmoja nilimkuta pale kaleta watu wanane, kawapa dakika ishirini za selfi, honi, twende! Hata yule kijana wa pale anayeongoza wageni hakumaliza stori ya maziwa. Mtu katembea njia yote hiyo ya vumbi halafu hajala hata sima na mtsunga, mboga yetu chungu ya majani, kwa mama wa kijijini, hajauliza kwa nini Wagiriama wanaupenda huu mto hivyo. Wangeuliza wangeambiwa kwamba kilimo chao cha mahindi kilikuwa kando ya Sabaki, na Mwingereza alipowataka watoke ng'ambo ya kaskazini ya mto, hiyo ni moja ya sababu za vita vya 1914. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu mwaka mmoja kabla wasimtii Mzungu, kazikwa Bungale, hukohuko Magarini, eneo lenye Marafa yenyewe. Udongo unaouita uchafu watu waliupigania.

Lakini kusema kweli lawama nyingi ni zetu wenyeji. Mimi nimezaliwa Malindi, Marafa nimekanyaga mara ya kwanza na ndevu zangu. Msitu wa Arabuko-Sokoke nimeupita kwa matatu mara mia nikiuona kama ukuta wa kijani, kumbe ndani ni misitu mitatu tofauti, mrihi kwenye mchanga mweupe, miti mingine kwenye udongo mwekundu, na yule mnyama mdogo kama panya mwenye pua kama mkonga na makalio ya dhahabu anakimbia kwenye majani makavu. Tulikuwa tunangoja Mzungu atuambie.

Tulirudi usiku, vumbi mpaka kwenye nyusi. Asubuhi binamu alienda kuoga baharini kwenye maji yaleyale ya chai, na ile foto kwenye grupu hakuifuta, ila chini yake aliandika "Marafa hii".