Barua ya Kazi Yenye Kishika Uchumba

Simu iliita Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa nimechuchumaa uwani nasugua sufuria. Namba ya mezani, inaanza na 022. Kwa mtu aliyemaliza diploma ya uhasibu na kukaa nyumbani miezi kumi na minne, namba ya 022 haipokelewi na mikono yenye majivu. Nilijifuta kwenye kaptula, nikakohoa kidogo sauti ikae mahali pake, nikatoa "Haloo" ya kiofisi.

"Wewe ndiye uliyeleta barua hapa Ijumaa?" Sauti ya mama mtu mzima.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Fika kesho saa tatu kamili. Njoo na kitambulisho." Akasita kidogo. "Na usikose."

Hilo "na usikose" nililielewa hivi: wananihitaji sana. Mpaka adhuhuri mtaa mzima wa Mbagala ulikuwa na habari, maana mama alikwenda kununua nyanya na akarudi baada ya saa moja na nusu. Jioni mjomba alileta viatu vyake vya harusi, namba tisa. Mimi navaa saba. Tulijaza gazeti mbele, vikakaa. Akanipa na somo la usaili: usikae mpaka uambiwe ukae, usitazame chini, ukiulizwa mshahara sema "kwa mujibu wa taratibu zenu". Mjomba hajawahi kufanyiwa usaili maisha yake yote, lakini alieleza vizuri.

Turudi kidogo Ijumaa, kwenye barua yenyewe.

Barua yangu ya maombi ya kazi nilikuwa nimeihifadhi kichwani kama dua ya kula. Anwani yangu juu kulia, tarehe chini yake, anwani yao kushoto, kisha YAH: kwa herufi kubwa na mstari chini, kama tulivyofundishwa shule ya msingi. "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 25, mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya uangalizi mdogo au bila uangalizi kabisa. Nina uzoefu wa miaka miwili katika nafasi kama hii." Halafu vyeti, halafu wadhamini watatu, halafu nipo tayari kwa usaili siku yoyote. Ukibadilisha jina la mwandikiwa, imekwenda. Ilishakwenda kwenye kiwanda cha magodoro, kwenye shule tatu, kwenye chama cha akiba na mikopo. Za serikali nazo nilikuwa napeleka kupitia Ajira Portal, unaiskani ikiwa na sahihi yako unaipandisha. S.L.P. 2320 Dodoma, ya Sekretarieti ya Ajira, naikumbuka haraka kuliko namba ya simu ya baba.

Sasa Ijumaa hiyo kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini ilikuwa inatafuta karani wa hesabu, mwisho wa kupokea barua saa kumi jioni. Flashi yangu mdogo wangu alikuwa ameifuta akajaza nyimbo. Nikaiandika barua kwa mkono, nikakimbilia steshenari. Saa saba na nusu.

Steshenari yetu ina kompyuta moja, printa moja, friji ya soda na dada mmoja. Dada yule anachapa kwa vidole viwili lakini vina kasi ya cherehani. Nilipoingia alikuwa amemaliza kazi ya mteja mwingine, bwana mmoja wa makamo aliyekuwa anaingiza karatasi kwenye bahasha ya khaki kwa uangalifu mkubwa, kama anayefunika mtoto aliyelala. Tukapishana mlangoni.

"Dada, ya kazi hii. Haraka sana."

"Hii ya huyu bado iko wazi. Nachapa humuhumu, anwani zimeshakaa mahali pake, nafuta tu maneno."

Nikasema sawa. Mniulize tena leo, nitawajibu tofauti.

Akaanza. Mistari ya kwanza haijaisha, mita ya LUKU ukutani ikaanza kulia. Wanaoishi na mita hizi wanakijua kile kilio: pii, pii, pii, kama kifaranga kilichopotelewa na mama yake. Uniti zinakwisha. Dada akaongeza mwendo. Mimi nikasimama nyuma yake natazama mita badala ya kutazama kioo. Akashuka mpaka chini kabisa, akafuta jina la yule bwana, akaweka langu, akabonyeza. Printa ikatema karatasi mbili.

"Mbona mbili?"

"Maneno yako mengi. Elfu mbili. Weka sahihi hapa." Akanishikia ukurasa wa pili, kiganja chake kimefunika nusu ya juu ili karatasi isipepee na feni. Nikasaini. Nilisaini kama watu wanavyokubali masharti ya mkopo wa simu, yaani nilipaona pa kubonyeza, basi. Umeme ukakatika nikiwa nalamba bahasha.

Saa tisa na dakika arobaini na tano bahasha ilikuwa mikononi mwa mlinzi wa getini. Akaiandika kwenye daftari, akampa dada wa mapokezi. Nikarudi nyumbani nimeridhika kabisa.

Jumatano sasa. Nimefika saa mbili na nusu, suti ya kuazima, gazeti linachakacha ndani ya viatu kila nikipiga hatua. Nikataja jina langu getini. Mlinzi, yuleyule wa Ijumaa, akaweka chini kikombe cha chai.

"Aa," akasema. "Kumbe ndiyo wewe."

Alinitazama kama mtu anayemwona mwizi wa kuku wake akipita na kuku. Nikasema shikamoo. Hakuitika. Akafunga geti, akafuatana nami mpaka ndani. Nikajiambia hawa wana nidhamu, mgeni anasindikizwa.

Chumbani nilikuta watu watatu. Mama wa utumishi, ndiye aliyenipigia. Mzee mmoja mwenye miwani, mhasibu mkuu. Na yule dada wa mapokezi, kakaa pembeni, macho mekundu. Mlinzi akasimama mlangoni nyuma yangu. Sikukaa, maana sikuambiwa nikae. Mezani kulikuwa na barua yangu, kurasa mbili, zimepangwa sambamba kama vielelezo vya mahakamani.

"Kijana," akasema mama wa utumishi, "hela iko wapi?"

Nikawaza haraka. Hili ni swali la uhasibu, tena la mtego.

"Inategemea, mama. Kama ni fedha taslimu, utaikuta kwenye mali za muda mfupi."

Mhasibu mkuu akatikisa kichwa kukubali kabla hajajizuia. Mama wa utumishi hakutikisa chochote.

"Nauliza shilingi elfu hamsini. Umeandika mwenyewe kwamba umeiweka kwenye bahasha. Bahasha imenifikia haina kitu. Huyu tumemkagua mpaka soksi." Akamnyooshea kidole mlinzi. "Huyu toka Jumatatu analia. Sasa tuambie."

"Mimi sijaweka hela, mama."

"Soma. Ukurasa wa pili. Kwa sauti."

Nikaichukua karatasi. Juu kulikuwa na mstari wangu wa mwisho, nipo tayari kwa usaili siku yoyote mtakayonihitaji. Chini yake, bila hata kuruka mstari:

"Hivyo basi, kwa heshima na taadhima, tunaleta posa yetu kwa binti yenu, ambaye kijana wetu ametokea kumpenda kwa dhati. Tumeuliza majirani na wazee wa msikiti, wote wametuambia nyumba yenu ni ya watu wastaarabu. Tunaahidi kumtunza, kumheshimu na kumsitiri katika dhiki na faraja. Barua hii inaambatana na shilingi 50,000 (elfu hamsini tu) ikiwa ni kishika uchumba. Tunaomba mtujulishe taratibu zenu pamoja na kiwango cha mahari."

Wako mtiifu. Jina langu. Na sahihi yangu, ile yenye mkia mrefu niliyoifanyia mazoezi mwaka mzima chuoni.

Sauti ilinikauka kwenye "kumsitiri". Mhasibu mkuu alikuwa amevua miwani anaifuta kwa tai.

"Mimi hapo kwenye mahari," akasema taratibu, "nilidhani ndiyo lugha yenu mpya vijana ya kuuliza mshahara."

"Na mimi nilidhani rushwa," akasema mama wa utumishi. "Lakini rushwa gani inaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na 'tu' mwishoni?"

Nikaeleza. Nikaeleza steshenari, mita ya LUKU, bwana wa bahasha, kiganja cha dada. Nilipofika kwenye kulamba bahasha gizani, mlinzi nyuma yangu alianza kutoa sauti kama pampu ya baiskeli. Nikadhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akalia upya, na ndipo nikajua kilichomliza: pamoja na kutuhumiwa wizi, ofisi nzima ilikuwa imeamua binti wa kwenye barua ni yeye, wakawa wanamwita bi harusi aliyekula mahari yake mwenyewe.

"Kaa," akasema mama wa utumishi hatimaye.

Nikakaa. Gazeti likachakacha.

Akavuta rundo la bahasha kutoka kando, la urefu wa matofali matatu hivi. "Hizi zote za nafasi hiyohiyo. Zote zimehusika na kichwa cha habari hapo juu. Zote wachapakazi. Zote chini ya uangalizi mdogo. Nikisoma ya kwanza nimezisoma zote. Yako peke yake ndiyo nimeifikisha mwisho. Na hapa mwanzoni," akagonga ukurasa wa kwanza, "hujui hata tunafanya kazi gani. Huku kwenye posa umeuliza majirani kwanza. Umeona wapi mtu akapeleka barua moja ya posa nyumba arobaini, akakaa barazani kusubiri nani atajibu?"

Sikuwa na jibu. Zilikuwa arobaini na moja.

"Haya. Umesema mchapakazi. Umechapa nini?"

Naapa hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikaanza kusema "nina ari ya kujituma", akainua mkono kama trafiki. Kwa hiyo nikasema ukweli. Miaka miwili ile ya uzoefu ilikuwa dukani kwa mjomba, vifaa vya ujenzi. Kila mwisho wa mwezi hesabu ya saruji ilikuwa inapungua, mjomba akawa anamshuku kijana wa kubeba mizigo. Nikatengeneza daftari la kuingiza na kutoa, mfuko kwa mfuko, nikawa nahesabu asubuhi na jioni. Mwezi ule ilipungua mifuko kumi na moja. Nikafuatilia. Yote kumi na moja aliitoa mjomba mwenyewe, usiku, kwa mkopo, kwa jamaa zake wa kahawani, bila kuandika.

"Ukamwambia?" akauliza mhasibu mkuu, kasogeza kiti.

"Nilimwonesha daftari, mzee. Alininunia wiki mbili. Siku hizi anaandika."

Wakatazamana. "Na hili," mama wa utumishi akasema, "mbona halimo kwenye barua?"

"Nilidhani ni mambo ya nyumbani."

Nafasi ile alipewa mtu mwingine, tena sitii chumvi, anaiweza kuliko mimi. Mimi waliniita mwezi uliofuata kuhesabu ghala, siku kumi na mbili, posho kila jioni. Mlinzi siku hizi ananiita shemeji.

Lakini siku ile ya Jumatano, nikitoka pale, nilikwenda moja kwa moja steshenari kudai elfu mbili yangu. Nikamkuta dada kajishika kichwa. Kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa yule bwana wa makamo wa Ijumaa, barua mkononi.

Kumbe baada yangu alirudi. Jina la baba mkwe lilikuwa limekosewa herufi moja. LUKU ikawekwa, dada akafungua "ile ya posa", ambayo kwa sasa ilikuwa pia ya kazi, maana aliihifadhi kwa jina lilelile. Akarekebisha juu: kichwa cha habari, anwani, utangulizi. Akarudisha jina la bwana kule chini. Katikati hakugusa. Jumapili barua ikafunguliwa sebuleni kwa wakwe, mbele ya wajomba na mashangazi, akasoma mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote: kwamba kijana wao ni mchapakazi, anaweza kufanya kazi chini ya uangalizi mdogo au bila uangalizi kabisa, na ana uzoefu wa miaka miwili katika nafasi kama hii.

"Baba mkwe anataka kujua hiyo miaka miwili niliipata kwa nani," akasema yule bwana kwa unyonge. "Pia anasema vivuli vya vyeti havijaambatanishwa. Nimeitwa Jumamosi saa nne, niende na wadhamini watatu."

Nikaketi kando yake. Tukakaa kimya kidogo. Akaitazama suti yangu, akashuka mpaka kwenye viatu, akanisogelea.

"Samahani, mdogo wangu. Wewe si ndiyo umetoka kwenye usaili sasa hivi? Hebu niambie, huwa wanauliza nini?"