Mtungi wa Gesi kwenye Buti ya Subaru

Jumamosi iliyopita nilikuwa gereji moja ya Tabata nikisubiri kufungiwa breki pedi, mara dogo mmoja akaingia na Subaru Forester nyeusi ya turbo, ile SG5. Alikuwa na tabasamu la mtu mwenye siri. Akafungua buti kwa madaha. Kando ya tairi ya spea kulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6 umesimamishwa, umekazwa kwa mipira ya kufungia mizigo kwenye bodaboda, juu yake regulata ya jikoni, na mpira wa rangi ya chungwa unazama chini ya kapeti kuelekea mbele.

"Kaka, hapo nimeongeza farasi hamsini," akaniambia.

Fundi mzee alikuwa chini ya Toyota Noah. Akachomoa kichwa, akautazama mtungi, akarudi chini ya Noah.

Mimi sikucheka. Tangu siku ile nimeshaulizwa na watu watatu kama ni kweli gesi ya kupikia inaongeza nguvu ya injini, na kila mara nimejikuta nasema ndiyo, inaweza. Ingekuwa porojo tupu ningeiacha ipite. Tatizo ni kwamba kuna ukweli ndani yake, na ukweli nusu kwenye injini ya turbo, yaani inayosukumiwa hewa kwa nguvu, ni gharama.

Mchezo huu una kwao. Huko Marekani, kwenye miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wenye pikapu za dizeli, hasa Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9, walikuwa wakifunga nyuma mtungi wa propani, gesi iliyomo pia kwenye mitungi yetu ya jikoni, na kuingiza gesi kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli huvuta hewa nyingi kuliko mafuta yanavyohitaji, kwa hiyo kuna oksijeni inayotokea ekzosi bila kufanya kazi yoyote. Gesi inapewa oksijeni hiyo. Inaingia silinda pamoja na hewa, inabanwa, lakini haijiwashi kirahisi: dizeli huwaka yenyewe kwenye joto la nyuzi 210 hivi, propani inangoja mpaka karibu 470. Basi inakaa pale inasubiri. Nozeli ikinyunyiza dizeli, dizeli inashika moto, na moto ule unaipitia gesi yote kwa mpigo. Dizeli yenyewe inaungua vizuri zaidi, moshi mweusi unapungua, na gari linapanda mlima na trela kama halina mzigo.

Ukizidisha sasa. Gesi ile haina nozeli inayoichelewesha, imeshajaa silinda nzima kabla pistoni haijafika juu. Ikiwaka mapema inamkuta pistoni bado anapanda, na hapo ndipo gasketi ya silinda hedi inapasuka au pistoni inatoboka katikati. Baadaye zilipokuja dizeli zinazoendeshwa na kompyuta, wengi waligundua kuwa kubadilisha programu kunawapa nguvu ileile bila kubeba mtungi. Mtungi ukabaki kwa wenye injini za zamani na wapenda vurugu.

Kwenye petroli hadithi ni nyingine kabisa, na dogo wangu alikuwa ameichukua ile ya dizeli akaibandika kwenye Subaru.

Injini ya petroli ikikanyagwa mpaka mwisho haina oksijeni ya kubakiza. Kompyuta imeshaipigia hesabu, na kwenye turbo huongeza hata petroli ya ziada ili kupooza. Ukiongeza gesi juu ya hapo, umeongeza mafuta kwenye chungu kilichojaa mafuta. Tena gesi nayo inataka nafasi: ikiingia kama mvuke inaisukuma hewa pembeni, kwa hiyo oksijeni inapungua kidogo. Watu huichanganya propani na naitrasi, ile ya kwenye sinema za mbio za magari. Naitrasi inaleta oksijeni. Propani inaleta kitu cha kuchoma. Ni kama tofauti ya kupuliza moto na kuongeza kuni.

Hizo farasi hamsini zimetoka wapi? Nilimuuliza. Akasema, "Nimeisikia inavuta." Yaani amepima kwa makalio. Sote tumewahi kupima hivyo, hasa siku ya kwanza baada ya kulipa fundi.

Lakini ngoja. Hata kwenye petroli propani ina faida ya kweli, na ndiyo sababu sikumcheka. Okteni yake, yaani kipimo cha jinsi mafuta yanavyokataa kujiwasha yenyewe, ni karibu 110. Sisi Dar tukisema injini imenoki tunamaanisha imekufa, ishushwe, itafutwe nyingine kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani. Neno lenyewe limetokana na kitu kidogo zaidi: ule mlio wa kugonga ndani ya silinda, kama mtu anatikisa kokoto kwenye kopo, pale sehemu ya mchanganyiko inapojiwasha yenyewe kwa joto na shinikizo kabla moto wa plagi haujaifikia. Injini ikigonga hivyo mara chache huoni kitu. Ikigonga kila unapokanyaga, siku moja kipande cha pistoni kinachoshika ringi kinakatika. Subaru za turbo zinajulikana kwa ugonjwa huo. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangiwa petroli yao ya okteni ya juu, inayouzwa vituoni kwao kama 100, nasi tunazinywesha tunachokikuta kwenye pampu.

Kwa hiyo mtu akija na kitu chenye okteni 110, kinachochemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri na kinachofyonza joto la hewa kikiingia kama kimiminika, kinastahili kusikilizwa. Kwa gesi hiyo unaweza kupandisha presha ya turbo, unaweza kusogeza taimingi mbele, yaani plagi iwashe mapema zaidi, na injini isigonge. Nguvu inatoka huko, kwenye presha na taimingi. Gesi kazi yake ni kuiruhusu. Na fundi anayekufungia gesi bila kugusa presha wala taimingi amekuuzia harufu.

Swali ninalomuuliza kila anayenijia na mpango huu ni moja: gesi ikiisha katikati ya mwendo, uko gia ya nne, turbo imejaa, nini kinatokea?

Swali hilo si langu. General Motors walijiuliza mwaka 1962. Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari ya kwanza kabisa ya abiria kuuzwa na turbo, ilikuwa na V8 ya alumini ya lita 3.5 iliyobanwa sana, na ili isigonge waliiwekea tangi la pili lenye maji na methanoli. Wakalipa jina la kishua, Turbo-Rocket Fluid. Wahandisi walijua binadamu ni msahaulifu, wakaweka vali ya kupunguza presha tangi likikauka. Ikatokea walivyohofia: wenye magari hawakujaza, gari likawa zito, wakalalamika kwamba turbo ni uongo. Gari lilitengenezwa miaka miwili tu, na baadaye kampuni ikawa inawatolea wateja turbo na kuwafungia kabureta ya kawaida.

BMW walirudi kwenye wazo hilo na M4 GTS ya 2016: tangi la maji la lita 5 kwenye buti, injini ikatoka farasi 431 ikafika 500. Maji yakiisha kompyuta inashusha nguvu yenyewe, dereva hata asipogusa kitu. Angalieni vizuri hapo. Kampuni kubwa, pesa zote zile, maabara zote zile, na bado sehemu kubwa ya akili yao ilikwenda kwenye kupanga siku tangi litakapokuwa tupu. Dogo wa Tabata alikuwa amepanga siku mtungi umejaa.

Tena hata ukijaa. Regulata ya jikoni inatoa gesi kwa presha ya kama milibari 30, presha ya kuwashia jiko. Turbo ya Forester ikifika bar 0.9 kwenye manifodi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, hiyo ni mara thelathini ya presha ya gesi. Gesi haiwezi kuingia. Hewa ndiyo itakayorudi kwenye mpira, ielekee mtungini. Nilimweleza hivyo nikidhani nimemmaliza, akanijibu kwa furaha, "Ndiyo maana nimeunga kabla ya turbo, kaka, pale inapovuta." Ana akili, sikatai. Ila sasa gesi inapita ndani ya turbo, ndani ya intakula inayopoza hewa, ndani ya mabomba yote mpaka kwenye injini, na gari lake lilikuwa limetengenezwa kupiga risasi ekzosi ukiachia mafuta, kama wanavyopenda vijana wa Subaru toka Nairobi mpaka huku. Moto ukirudi mbele hata mara moja, hauikuti hewa tupu humo. Unakuta mchanganyiko tayari, kuanzia manifodi hadi filta.

Halafu kiasi. Tukokotoe kwa mkono. Injini ya farasi 220 ikikanyagwa yote inakula petroli gramu 14 au 15 kwa sekunde. Ili gesi iwe na maana, iwe hata sehemu ya saba ya hapo, unahitaji gramu 2 kila sekunde. Jiko moja la plate lililofunguliwa mpaka mwisho linatumia gramu 200 hivi kwa saa nzima. Maana yake mtungi ule wa kilo 6 ulitakiwa uwashe majiko zaidi ya thelathini kwa wakati mmoja, kupitia regulata iliyotengenezewa jiko la nyumbani. Na gesi ikitoka kwa kasi, mtungi unapoa, kwa sababu kimiminika kinachemka kwa joto la mtungi wenyewe. Unatoa jasho, ukiendelea unaota barafu, na presha inashuka. Unapunguziwa gesi wakati uleule unapoihitaji zaidi.

Hapo bado sijasema kwamba mitungi yetu si propani tupu. Ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani okteni yake inakaribia petroli nzuri tu. Wamarekani ninaowataja hapo juu wananunua propani ya daraja la HD-5, inayotakiwa iwe propani asilimia 90 au zaidi. Kila ukisoma maelezo yao mtandaoni, kumbuka wanazungumzia mtungi mwingine.

Kuna watakaonikata kauli: mbona bajaji na teksi za Dar zinatembea na gesi kila siku? Zinatembea, na mimi nazisifu. Ile ni gesi asilia, ya kwetu, ya Songosongo na Mtwara. Inakaa kwenye mtungi mzito uliotengenezwa kuhimili bar 200, na injini inapangwa kuichoma kama chakula chake cha kawaida. Hata teksi za Japani na Korea zimetumia LPG, yaani gesi ya propani na butani, miaka na miaka bila kelele, zikiwa na tangi linalokataa kujazwa mpaka juu ili kimiminika kikipata joto kiwe na pa kutanukia. Na kuna jambo dogo ambalo ningependa kila mwenye wazo la mtungi kwenye buti alifikirie: gesi asilia ikivuja inapaa. Propani na butani ni nzito kuliko hewa. Zikivuja zinashuka, zinatafuta shimo, na kwenye Forester shimo ni pale tairi ya spea inapolala. Zinakaa humo zikikusubiri ufunge mlango, uwashe gari, taa ya buti iwake.

Msimamo wangu basi, kwa yeyote atakayeniuliza tena. Kwa mwenye gari la mashindano, mwenye tangi linalostahili, vali inayofunga yenyewe injini ikizima, kompyuta inayosoma presha ya gesi na kushusha turbo gesi ikipungua, na mtu anayejua kuipanga juu ya dino, mashine ya kupima nguvu ya gari, propani ni silaha halali. Ningependa hata niione moja ikifanya kazi. Kwa gari la kwenda nalo kazini, hapana. Pesa hiyo ipeleke kwenye pampu ya mafuta, koili, rejeta, na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta. Wengi wetu tunatafuta farasi wapya ilhali wale wa kiwandani hatujawapata wote.

Mzee alipomaliza na Noah alifuta mikono kwenye tambara, akamwambia dogo, "Lete funguo." Hakusema neno juu ya mtungi. Alichomoa plagi, kazi ya kujikunja kwenye hizi injini za kulala, akafunga geji ya kompresheni, ya kupima silinda inavyobana hewa. Silinda ya kwanza 150. Ya pili 148. Ya tatu 152. Ya nne sindano ikapanda taratibu, ikasimama 95. Akarudia. 95. Akamwonyesha dogo ile geji bila kusema kitu, kama daktari anayekuachia usome cheti mwenyewe.

"Tangu lini inakula oili?" akamuuliza.

"Tangu nimeinunua, mzee."

Wakati huo simu ya dogo ikaita. Nilisikia sauti ya mwanamke upande wa pili, na majibu ya dogo yakaniambia mengine: "Ndiyo, mama. Ninao mimi. Hapana, haujaisha. Naurudisha sasa hivi." Kumbe nyumbani walikuwa wamepikia mkaa siku mbili. Akafungua mipira ya bodaboda, akachomoa regulata, akauinua mtungi mpaka sikioni na kuutikisa.